Maziwa ya Jioni Juu ya Keki: Mafunzo ya Kwanza ya Kupamba kwa Krimu ya Siagi

Wakulima wengi wakipita mjini na kuona keki ndogo katika dirisha la duka, kila moja na ua lake la krimu juu, hudhani kwamba kazi ile ni ya mafundi wa hoteli kubwa tu. Sivyo. Ua lile si kitu ila siagi na sukari. Siagi hutoka katika maziwa, na maziwa yapo nyumbani kwenu. Tena, mkono unaolifanya ua hilo hufanya kazi ileile ya mkono unaokamua ng'ombe. Jambo hili nitalieleza mbele, maana ndilo somo lenyewe.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini gazeti la wakulima lizungumze habari za keki? Sababu ni maziwa ya jioni. Mahali pengi katika nyanda za juu gari la kukusanya maziwa hupita asubuhi tu. Maziwa ya asubuhi huandikwa katika kitabu cha chama cha ushirika na hulipwa mwisho wa mwezi. Ya jioni hubaki. Mengine hunywewa na watoto, na hayo ni mazuri. Lakini yanayozidi huharibika. Katika nyumba nyingi za Bonde la Ufa desturi ni kwamba maziwa ya jioni ni ya mama. Yakimwagwa, iliyomwagwa ni fedha ya mama, na fedha hiyo ndiyo inunuayo chumvi, sabuni na madaftari ya shule.

Kuyageuza maziwa hayo yawe siagi ni njia moja ya kuyaokoa. Lakini siagi iliyofungwa katika karatasi hupata bei ya siagi tu. Siagi iliyopandishwa juu ya keki kwa umbo zuri hupata bei ya sherehe, na sherehe hazikosekani: harusi, ubatizo, mahafali ya shule, mikutano ya kanisa.

Keki hizi ndogo si jambo jipya. Katika kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons, kilichochapwa Marekani mwaka 1796, yamo maelezo ya keki nyepesi ya kuoka katika vikombe vidogo, na mwaka 1828 Eliza Leslie wa nchi hiyohiyo aliziita kwa jina la keki za kikombe. Siku hizi huokwa katika vikombe vya karatasi vinavyowekwa ndani ya bati lenye mashimo 12.

HESABU YA MAZIWA

Kabla ya kushika mfuko, shikeni kalamu. Kilo 1 ya siagi yataka mafuta ya lita 20 hivi za maziwa yenye mafuta asilimia 4. Maziwa ya ng'ombe wa Friesian kwa kawaida huwa na mafuta machache kidogo kuliko hayo. Ya Jersey huwa na mafuta mengi zaidi, na lita 16 au 17 zaweza kutosha. Ukiengua malai kwa kijiko, bila mashine ya kutenga, mafuta mengine hubaki ndani ya maziwa. Basi ongeza lita chache katika hesabu yako.

Kwa keki 24 utahitaji gramu 250 za siagi kwa kupamba. Hizo ni lita 5 za maziwa, au zaidi kidogo. Nyumba yenye lita 2 au 3 za ziada kila jioni itazipata kwa siku mbili tatu. Maziwa yaliyoondolewa malai hayatupwi: yachemshwe yanywewe, au yagandishwe yawe mala, au wapewe ndama.

SIAGI SAFI

Maziwa mabichi yaweza kubeba viini vya ugonjwa wa kutupa mimba, na vya kifua kikuu, na viini hivyo hupita mpaka ndani ya siagi. Krimu ya kupambia haipikwi tena jikoni. Kwa hiyo dawa yake ni hapa mwanzo.

Mimina maziwa ya jioni katika sufuria pana na safi, funika, uweke mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi engua malai yaliyopanda juu. Tia malai hayo katika sufuria ndogo ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, ukoroge mpaka mvuke utoke na vipovu vidogo vionekane pembeni. Mwenye kipimajoto ayashike kwenye digrii 66 kwa dakika 30. Kisha yapoze upesi katika beseni la maji baridi.

Malai yakiwa baridi, yatikise katika kibuyu au mtungi wenye kifuniko mpaka siagi ijitenge. Mwaga maji yake, kisha osha siagi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ukiikanda kwa mwiko, mara tatu au nne, mpaka maji yatoke meupe kabisa bila rangi ya maziwa. Msiruke hatua hii. Siagi yenye maziwa ndani yake huchacha upesi, na krimu yake hutoa maji juu ya keki mbele ya wageni. Usitie chumvi nyingi. Chembe kidogo yatosha.

Hapa niseme neno moja juu ya majina. Katika nchi yetu watu wengi huita majarini pia siagi. Majarini hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, na haihitaji ng'ombe wako. Huvumilia joto kuliko siagi, lakini ladha yake si moja. Ukiitumia, mwambie mnunuzi. Usimwuzie majarini kwa jina la siagi ya ng'ombe.

VYOMBO

Hapana haja ya mashine. Tafuta bakuli kubwa, mwiko wa mti, chekecheke yenye matundu madogo, mizani ya jikoni, na mfuko wa kukamulia pamoja na midomo yake.

Mfuko waweza kuushona mwenyewe. Chukua kitambaa kizito cha marekani, ukikate pembetatu yenye kimo cha sentimeta 35 hivi, ukishone kiwe kama pia, mshono ukae nje. Kata ncha yake kiasi cha kupitisha mdomo wa bati, lakini usipite wote. Mfuko uchemshwe kila baada ya kazi na kuanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Waweza pia kusokota karatasi ngumu isiyopitisha mafuta iwe pia, uitumie mara moja na kuitupa. Usitumie mfuko wa plastiki wa dukani. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwezi wa Agosti 2017, na hata kabla ya hapo haikuwa chombo cha chakula.

Midomo ya bati huuzwa katika maduka ya vyombo vya kuokea mijini. Anayeanza asinunue sanduku zima. Mmoja wenye umbo la nyota, tundu lake upana wa sentimeta 1 hivi, watosha kwa masomo yote ya leo. Tangu vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilipoanza mwaka 1952 akina mama wamezoea kujifunza kwa vikundi, na kazi hii yafaa vikundi hasa: mdomo mmoja wa nyota waweza kufundisha watu kumi.

KUPIGA KRIMU

Vipimo ni rahisi kukumbuka: siagi fungu moja, sukari mafungu mawili.

Siagi, gramu 250.
Sukari ya unga, gramu 500.
Maziwa yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 2 vya mezani.
Vanila, kijiko 1 cha chai.

Sukari ya unga ni ile iliyosagwa laini kama vumbi kwa ajili ya kupamba keki. Sukari ya chai haifai hata ukiitwanga katika kinu, maana chembe zake hubaki na krimu hukwaruza ulimi.

Kwanza jaribu siagi kwa kidole gumba. Kidole kikiacha alama bila kuzama, siagi i tayari. Hapo iko kama digrii 18 hadi 21. Ikiwa ngumu kama sabuni, iache ilainike chumbani, wala usiiweke juu ya jiko. Ikiwa inang'aa kama samli, imepita kiasi. Irudishe mahali pa baridi.

Piga siagi peke yake kwa dakika 5 au zaidi mpaka rangi ya manjano ififie iwe karibu na nyeupe. Chekecha sukari mara mbili, kisha itie kwa mafungu manne, ukipiga vizuri kila mara. Mwisho tia vanila, na maziwa kijiko kimoja kimoja. Simama ukiona inatosha: chovya mwiko, uinue, na kilele cha krimu kisimame na kuinama ncha yake kidogo tu. Kikianguka, krimu ni nyepesi. Kikisimama kama msumari, ni nzito na mkono utachoka. Ongeza tone la maziwa. Ukimaliza, koroga polepole dakika moja ili kuondoa mapovu ya hewa.

KUKAMUA

Sasa tumefika katika somo lenyewe. Mtazame mkamuaji hodari. Kidole gumba na kidole cha shahada hufunga chuchu juu, ili maziwa yasirudi kiweleni. Vidole vitatu vilivyobaki hufuata, kimoja baada ya kingine, na maziwa hushuka. Hakuna kuvuta, na hakuna kushtuka. Ng'ombe akivutwa hukasirika.

Mfuko wa krimu ni vivyo hivyo. Tia mdomo wa bati, ujaze krimu nusu tu ya mfuko, uisukume chini, kisha usokote sehemu tupu ya juu. Kidole gumba na cha shahada vishike pale penye msokoto, ili krimu isirudi juu. Vidole vitatu na kiganja vikamue. Mkono wa pili ukae karibu na mdomo kuongoza tu. Mkono huo usikamue hata kidogo. Wanaoanza wengi hukamua kwa mikono yote miwili, katikati ya mfuko, na krimu hutokea juu na kujaa mikononi.

Kanuni nyingine ni ya kumaliza. Acha kukamua kwanza, kisha ndipo uinue mkono. Ukiinua huku unakamua, krimu hufuata kama uzi na ua huota mkia.

Msianze juu ya keki. Pondeni viazi vilivyochemshwa mpaka viwe laini bila donge, vitieni katika mfuko, mfanye mazoezi juu ya sahani. Baada ya somo watoto watakula viazi, na hakuna hasara. Mkono ukizoea, jaribuni krimu yenyewe juu ya sahani safi. Ikwangueni na kuirudisha katika mfuko.

Somo la kwanza, nyota. Simamisha mfuko wima, mdomo uwe sentimeta 1 hivi juu ya sahani. Kamua ukihesabu moja, mbili. Acha. Inua. Fanya safu ya nyota kumi, kisha uzitazame. Zikiwa kubwa na ndogo, mkono haujalingana; rudia. Hapana haja ya kwenda mbele mpaka kumi ziwe sawasawa.

Somo la pili, kauri. Laza mfuko uiname nusu. Kamua mpaka krimu ivimbe, kisha punguza nguvu huku ukivuta kuelekea kwako mpaka iishe kwa ncha. Kauri ya pili ianze juu ya ncha ya kwanza. Safu hii yafaa kuzungushia ukingo wa keki.

Somo la tatu, ua. Mfuko wima tena. Anza katikati ya keki kwa nyota moja, kisha zunguka polepole kutoka ndani kwenda nje mpaka karibu na ukingo, bila kuinua. Malizia kwa kupunguza nguvu na kulaza ncha pembeni. Hilo ni waridi. Ukitaka kilima badala ya waridi, anza ukingoni, zunguka kuelekea katikati, panda mzunguko wa pili juu ya wa kwanza, na umalizie katikati kwa ncha.

Keki yenyewe iwe imepoa kabisa, saa moja au zaidi baada ya kutoka jikoni. Ishike chini yake: ukiona joto lolote, ngoja. Keki yenye joto huyeyusha ua zima kwa dakika chache, na sukari na siagi hazirudi.

JOTO NI ADUI

Siagi hulainika mapema, na ikifika digrii 32 hadi 35 huyeyuka. Mkazi wa Molo, Limuru au Nyahururu ana bahati. Hali ya hewa ya kwake ni ghala la baridi kwa asubuhi nyingi za mwaka. Mkazi wa Kisumu, Garissa au Mombasa afanye kazi alfajiri au usiku, bakuli likae ndani ya beseni la maji baridi, na mfuko upumzishwe kila mara kiganja kikianza kuupasha moto. Aweza pia kubadili sehemu ya siagi kwa mafuta magumu meupe ya kupikia. Ladha itapungua, lakini ua litasimama.

Kabati la makaa linalonyunyiziwa maji, ambalo wakulima wengi hulitumia kwa mboga, laweza kuhifadhi keki mahali pasipo umeme. Hufanya kazi vizuri mahali pakavu. Mahali penye unyevu mwingi, kama pwani, msaada wake ni mdogo.

Hasara nyingi hutokea njiani. Keki zilizopambwa nyumbani na kupakiwa katika matatu saa sita mchana hufika zimelala. Afadhali uzipeleke zikiwa tupu ndani ya katoni, na krimu katika ndoo yenye kifuniko iliyotiwa ndani ya karai la maji baridi. Pamba pale pale penye sherehe, kivulini. Zaidi ya hayo, wageni watakuona ukifanya kazi, na wengine watauliza jina lako.

MAKOSA NA DAWA YAKE

Krimu inakwaruza: sukari haikuchekechwa, au ni sukari ya chai. Wakati mwingine chekecha.

Krimu inateleza: siagi ina joto. Weka bakuli mahali pa baridi dakika 15, upige tena. Usikimbilie kuongeza sukari.

Krimu imekatika kama maziwa yaliyoganda: siagi ilikuwa baridi mno au maziwa yalitiwa kwa wingi. Simamisha bakuli juu ya maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, upige mpaka ishikane.

Krimu inaruka na kupasuka: kuna hewa katika mfuko. Kamua kidogo nje kabla ya kuanza.

Mdomo umeziba: kuna donge la sukari. Toa mdomo, uoshe. Usikamue kwa nguvu, mshono utapasuka.

RANGI

Anayeanza asitake rangi nyingi. Rangi ya maji hulegeza krimu, basi tumia ya unga au ile nzito, kwa ncha ya kijiti. Jikoni pia mna rangi: kahawa kali kijiko kimoja badala ya maziwa hutoa kahawia na ladha nzuri, maji ya bitiruti yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito hutoa waridi, manjano kidogo sana hutoa njano. Rangi mbili katika sinia moja zinatosha.

KUUZA

Mtu akisema, "Siagi yangu ni ya bure kwa kuwa ng'ombe ni wangu," huyo amekwisha kupata hasara. Andikeni katika daftari lita zote mlizotumia, kwa bei ambayo chama cha ushirika hulipa. Ongezeni sukari, unga, mayai, vikombe vya karatasi, makaa au gesi, na nauli. Ongezeni na saa zenu za kazi. Jumla igawanywe kwa idadi ya keki zilizouzwa, si zilizookwa, maana zilizoharibika nazo zimekula siagi. Bei yenu iwe juu ya hapo. Mwezi wa kwanza pengine faida itakuwa ndogo. Daftari litaonyesha pa kurekebisha.

Kabla ya kuuza kwa watu wasio wa nyumbani, mwoneni afisa wa afya wa kaunti mwulize habari za kibali cha kuuza chakula na cheti cha afya. Keki zenye krimu ya siagi ziuzwe siku ileile, au kesho yake ikiwa zimekaa mahali pa baridi.

Mwisho, neno kwa waume. Ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo wakulima wadogo wa Kiafrika walipoanza kwa wingi kufuga ng'ombe wa gredi, na leo sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hutoka kwao. Kazi kubwa ya ng'ombe hao, ya majani, maji na kukamua, imekuwa mikononi mwa akina mama. Basi mama akiyageuza maziwa ya jioni yawe fedha ya keki, fedha hiyo isianze kutafutiwa kazi nyingine kwa sababu tu imekuwa nyingi. Ilikuwa yake ilipokuwa maziwa, na ni yake sasa. Msaada utakaofaa ni kumshonea kabati la waya la kuzuia nzi, au kumbebea katoni mpaka barabarani.

Kazi ya nyumbani kwa wiki hii: viazi kilo moja, mfuko mmoja, na nyota mia moja juu ya sahani. Atakayefanya hizo mia bila kuchoka ataweza waridi wiki ijayo.